Pua Haisomi Bei: Barua kwa Mwanangu

Malindi

Mwanangu Kadzo,

Nimefurahi kusikia kwamba hoteli yenu huko Nairobi imekuchagua uhudhurie shughuli ya kuonja mvinyo, ili usaidie kuteua chupa za msimu ujao. Umeniuliza uvae nini, na kama kutema mbele ya watu ni utovu wa adabu. Vaa nguo ya rangi iliyokoza, kwa kuwa doa la mvinyo mwekundu halitoki kwa urahisi, na siku hiyo usijipake marashi hata tone moja wala usijifukize udi, maana utawaharibia kazi wote watakaokaa karibu nawe. Kutema si aibu. Ndoo huwekwa kwa ajili hiyo, na anayemeza kila anachomiminiwa hufika katikati ya shughuli akiwa hana tena la maana la kusema.

Lakini ningependa ungeniuliza utasema nini baada ya kutema, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoharibu. Humsubiri mwenye cheo atoe maoni, kisha wakayarudia. Wakiona lebo ya chupa ya gharama, huanza kusifu kabla glasi haijafika puani. Unajua ninavyosema siku zote: pua haisomi bei. Mwaka 1976, mjini Paris, waamuzi wa Kifaransa walionjeshwa mvinyo bila kuonyeshwa lebo, na wa California ukashika nafasi ya kwanza, mweupe na mwekundu pia, mbele ya majina makubwa ya kwao wenyewe.

Ile habari ya Chianti, mvinyo mwekundu wa Italia, umeisikia, ila hujaisikia yote, kwa kuwa mbele ya baba yako huwa naifupisha. Nilifungua chupa mezani kwa wageni wa Kiitaliano, na nilipoinusa nikapata harufu ya boksi lililolowa mvua likaachwa stoo. Ni ila inayotokana mara nyingi na kizibo, na kemikali inayoileta, iitwayo TCA, wataalamu waliitambua katika mvinyo mwaka 1981; haimdhuru mnywaji, lakini kiasi kidogo mno hutosha kuifisha harufu ya tunda. Jina hilo sikulijua wakati ule, harufu niliijua. Nikamnong'oneza mkuu wa ukumbi, naye akanijibu kwa sauti, wageni wakisikia, kwamba binti wa mgema hawezi kumfundisha mvinyo, kisha akamimina. Mwenye kuagiza akanywa na kusifu sana. Mama mmoja mzee, aliyekaa mwisho wa meza, alinusa mara moja tu, akaisogeza glasi na kusema kwamba mvinyo umeharibika. Chupa ikarudishwa, ikaletwa nyingine, na hakuna aliyenigeukia kuniambia neno.

Kifua hunibana hadi leo, kwa sababu pua hiyo niliirithi kwa mgema. Babu yako kule Ganda alipanda minazi yake asubuhi na jioni, na kabla ya kumpa mgeni alionja kwanza yeye mwenyewe, mgeni akimtazama. Tembo la jana hakuliuza kwa jina la leo. Alisifiwa na watu wote wa kijiji, na hakulitia maji.

Kwa hiyo ukikutana na chupa yenye ila, usiitangaze ukumbini. Mweleze anayemimina kwa sauti ya chini, na umwombe afungue nyingine. Hapa najibishana na nafsi yangu, kwa sababu mimi nilinong'ona na kunong'ona hakukunisaidia. Huenda ningesema waziwazi. Hapana, mgeni hamfedhehi mwenyeji wake. Lakini mwenyeji akikupuuza, basi sema, na useme ulichonusa tu, bila kumtaja mtu. Na anayemimina mtazame usoni na umshukuru, kwa maana mara nyingi yeye ndiye aliyeinusa chupa hiyo kabla yenu nyote.

Mengine utajifunza papo hapo. Shika glasi kwa mguu wake ili mkono usiupashe mvinyo joto; anza na mweupe kabla ya mwekundu, na mkavu kabla ya mtamu. Wakikuambia kwamba mwekundu huandaliwa kwa joto la chumba, kumbuka kwamba chumba wanachokisema ni cha nyuzi 16 hadi 18, wala si ukumbi wa Malindi mwezi wa Machi; uombe upoozwe kidogo. Nayo pua, narudia, haisomi bei.

Baba yako anaona usiende kabisa, kwa sababu ya kanisa, na ameniagiza nikuandikie hivyo. Nimekwisha kuandika. Langu mimi ninalo, limenifika ncha ya ulimi, na ninalizuia kwa taabu, kwa kuwa wewe ni mtu mzima na kazi ni yako. Ukiamua kwenda, kula chakula cha kushibisha kwanza, unywe maji kati ya glasi na glasi, na gari uliache nyumbani.

Mama yako