Programu ya simu inatibu sonona?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nauza dagaa hapa Ujiji. Tangu mtaji ukatike silali, chakula hakipiti, sokoni sitaki kuonekana. Shemeji kanitumia programu ya tiba ya fikra na tabia, unajifundisha mwenyewe kwa simu. Inatibu kweli, au namaliza bando bure?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu, na pole sana. Hali hiyo ikizidi wiki mbili, karibu kila siku, tunashuku sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha. Ni ugonjwa, si uvivu wala upungufu wa imani.

Tiba ya fikra na tabia humfundisha mtu kubadili mawazo na matendo yanayomzidishia huzuni. Daktari wa akili Aaron Beck aliianzisha Marekani miaka ya 1960. Kwa njia ya intaneti nayo imepimwa: mwaka 2017 watafiti walijumuisha majaribio 13 ya watu wanaojiongoza wenyewe, wakakuta inapunguza sonona. Nafuu ilikuwa ya wastani mdogo, na aliyefuata masomo zaidi ndiye aliyepona zaidi. Wengi huacha njiani, na hapo ndipo bando linapopotea. Mwombe shemeji akuulize kila Jumapili umefika somo la ngapi.

Kabla ya kuanza, jaza PHQ-9, dodoso la kupima ukali wa sonona. Lina maswali 9, alama 0 hadi 27. Ukipata 15 au zaidi, usijitibu peke yako. Swali la 9 linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Kama yapo hata kidogo, weka simu chini, nenda Hospitali ya Maweni, hapo Kigoma, leo hii, usiende peke yako.

Alama zikiwa chini ya 15 na mawazo hayo hayapo, anza na zoezi la vitendo, kwa sababu mgonjwa wa sonona husubiri hamu ije ndipo atoke, kumbe hamu huja akishatoka. Andika wazo lako: "Wakiniona Kibirizi watanicheka." Kisha nenda huko mwaloni, mitumbwi inaposhusha dagaa, nusu saa, uandike kilichotokea hasa: nani alikusalimu, nani alicheka. Ipe hali ya moyo wako alama 0 hadi 10 kabla na baada. Siku za mbalamwezi, mitumbwi isipotoka na wewe huna la kufanya, zipangie shughuli mapema. Siku hizo tupu ndizo zitakazokurudisha kitandani.

Kama umeandikiwa dawa, usiziache kwa sababu ya programu. Rudia dodoso kila baada ya wiki mbili, na alama zisiposhuka kwa wiki nne, mpelekee muuguzi wa afya ya akili karatasi zote za dodoso pamoja na daftari lako.