Baklava ya Mgiriki na ya Mturuki si kitu kimoja

We unayeuliza kwa nini baklava, ile tamutamu ya karatasi nyembamba za unga na njugu kama walnati au pistashio iliyomwagiwa shira, uliyokula kwa Wagiriki ilikuwa na ladha tofauti na ile ya Waturuki, ni kweli kabisa tofauti ipo. Wagiriki wengi wanajaza walnati na mdalasini, saa nyingine na karafuu, halafu wanamwagia shira ya asali, kwa hiyo inakuwa nzito na inanukia viungo. Ya mji wa Gaziantep kule Uturuki ni pistashio za kijani na samli, shira ya sukari tupu, hakuna kiungo cha kuficha kitu, karatasi za unga zenyewe nyembamba kuliko manda ya sambusa mpaka unaona mkono upande wa pili, na tangu 2013 jina lake linalindwa na Umoja wa Ulaya. Mi kwangu hiyo ndo namba moja. Ukiipata igeuze juu chini kabla ya kuitia mdomoni, upande wa chini wenye shira uguse kaakaa, yaani paa la mdomo, we utaona samli inavyokuja mwanzo halafu pistashio, na iking'atwa lazima ilie kwacha, isipolia ujue imelala.

Lebanoni na Syria wanatia maji ya waridi au ya maua ya mchungwa kwenye shira. Ya Yazd, Iran, vipande vidogoo vya lozi na iliki, mtu wa pwani ataipenda hiyo haraka sana.

Na jamani msiiweke kwenye friji, samli inaganda na ukavu wote unapotea.