Mwajiri Amekataa Kuniachia, Nifanyeje?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mhasibu wa shule ya binafsi, nina mkataba usio na kikomo na ninalipwa kwa mwezi. Nimepata kazi Dodoma, lakini meneja wa shule amekataa kupokea barua yangu ya kuacha kazi, akisema hataniachia mpaka apatikane mtu wa kushika nafasi yangu. Je, nikienda likizo yangu ya siku 28, nikaihesabu kuwa ndiyo notisi na nisirudi tena, nitakuwa nimekosea?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, utakuwa umekosea, tena bila sababu, kwa kuwa njia halali iko wazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikutaki uombe ruhusa ya meneja. Inakutaka utoe notisi ya maandishi, yenye sababu na tarehe, isiyopungua siku 28 kwa mtu anayelipwa kwa mwezi. Soma kwanza mkataba wako, maana unaweza kuwa umeweka muda mrefu zaidi, mradi uwe sawa kwa pande zote mbili. Sheria hiyohiyo inakataza notisi kutolewa wakati wa likizo au kwenda sambamba nayo, na siku za likizo ulizostahili lakini hukuzichukua unazidai kwa fedha.

Barua ambayo meneja ameikataa ipeleke masijala, nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wakikataa huko pia, itume kwa rejesta ya Posta na uitunze risiti.

Kwa mhasibu, hata hivyo, mimi ningehofia zaidi makabidhiano kuliko notisi. Andika salio la kila akaunti ya benki, namba za vitabu vya stakabadhi vilivyotumika na visivyotumika, na orodha ya ada ambazo hazijalipwa. Fedha taslimu na funguo za kasiki zikabidhiwe mbele ya shahidi, kisha wote msaini kila ukurasa. Upungufu ukionekana miezi mitatu baadaye, jina litakalotajwa kwanza ni la aliyeondoka.

Ukiacha kufanya kazi kabla notisi haijaisha, mwajiri anaweza kukata malipo ya siku hizo katika fedha anazodaiwa nawe. Ukiitimiza, unastahili mshahara hadi siku ya mwisho, malipo ya likizo na cheti cha utumishi, ambacho mwajiri analazimika kukitoa hata kama mmeachana kwa hasira. Kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara kwa kila mwaka usikitarajie, kwani hicho hulipwa pale mwajiri ndiye anayesitisha ajira.

Akikunyima stahili hizo, peleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Na ukiletewa karatasi ya kukiri kwamba huna madai yoyote, usiisaini kabla fedha hazijaingia benki.