Maswali yenu kuhusu digrii ya kilimo SUA, nayajibu hapa

Wadogo zangu mliomaliza form six mmeniuliza mengi kuhusu kusoma kilimo pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro. Nimesoma pale na sasa niko kazini, basi nawajibu kama nilivyoyaona.

Swali: Kaka, eti kilimo wanaenda waliokosa udaktari?

Wapo wanaoingia hivo, siwezi kukudanganya. Ila mdogo wangu usiingie umenuna, maana miaka mitatu ni mingi kusoma kitu unachokionea aibu, na nchi hii watu wengi wanakula kwa jembe, aibu inatoka wapi?

Swali: Ni vitabu tu au shamba pia?

Shamba lipo sana. Prakto (somo la vitendo) ya udongo mnachimba shimo, mnaingia ndani mnasoma tabaka moja moja, alafu unachukua udongo kiganjani unadondoshea maji unaukanda kama unga wa chapati, unausukuma kwa kidole gumba utoke utepe, ukikatika mapema ujue mchanga ni mwingi, ukiwa mrefu bila kukatika hapo mfinyanzi umezidi. Mpaka leo mkulima akiniita hicho ndo kitu cha kwanza nafanya, kabla hata hatujaongelea mbolea.

Swali: Somo gani linaleta sapu (mtihani wa marudio)?

Takwimu. Watu wa CBG (kemia, biolojia na jiografia) wengi hesabu hawazipendi, wanakuja kukutana nazo tena kwenye majaribio ya shambani. Anza mapema, tafuta mwenzio anayeelewa mkae nae, usisubiri wiki ya mtihani.

Swali: Mkopo ntapata?

Omba, na cheti cha kuzaliwa hakikisha kimehakikiwa RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo) mapema, wengi wanakwama hapo. Af bumu (hela ya mkopo) likitoka kumbuka ni deni, ukiajiriwa Bodi ya Mikopo inakata 15% ya mshahara.

Swali: Ajira je?

Hapa nawaambia ukweli, nafasi za halmashauri hazitoshi, kuna niliomaliza nao walisubiri miaka. Wengine wako kwenye viwanda vya sukari, kampuni za mbegu, utafiti, wengine wamefungua duka la pembejeo na wanaishi vizuri tu. Waliowahi kupata kazi ni wale ambao field (mafunzo ya vitendo nje ya chuo) hawakukaa ofisini kupiga soga. Field yangu nilizunguka na bwana shamba vijijini Kilosa, mama mmoja akanifunulia majani ya katikati ya mhindi wake, ndani kuna uchafu kama unga wa mbao, akamtoa kiwavijeshi vamizi, kichwani ana alama ya Y iliyopinduliwa. Nilikuwa nimemwona kwenye slaidi tu. Mama akaniuliza, "Sasa mwanangu, huyu tunamfanyaje?" nikakosa jibu, usiku ule nilisoma mpaka saa nane na asubuhi nikarudi kwake.