Usimtafute Steringi Katika Shan He Ling

Mara ya kwanza nilipoitazama Shan He Ling niliiacha kabla kipindi cha tatu hakijaisha, na kosa lilikuwa langu. Mimi ni wa kizazi kilicholelewa na vibanda vya video, ambamo filamu za kungfu kutoka Hong Kong zilionyeshwa mchana kutwa, huku msimulizi akitafsiri juu ya sauti ya filamu na kuongeza chumvi yake. Katika vibanda vile kila mtazamaji alijua kazi yake: amtambue steringi, amtambue adui, kisha atulie kwenye benchi akiingoja siku ambayo steringi atalipa kisasi cha mwalimu wake, kwa sababu steringi hafi. Niliketi mbele ya Shan He Ling na kazi ileile. Nilimtafuta steringi vipindi viwili na nusu, sikumwona, nikazima.

Mdogo wangu, ambaye ndiye aliyenipa tamthilia hiyo, aliniuliza baada ya wiki moja, "Kaka, umefika wapi?" Nilimjibu kwamba sielewi nimshangilie nani, kwa kuwa mmoja ni muuaji aliyestaafu na mwingine anaelekea kuwa muuaji ambaye bado yuko kazini. Alicheka akaniambia, "Sasa si ndiyo hadithi yenyewe hiyo?" Nilianza upya. Tangu hapo nimeitazama mara tatu, na ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu aniambie kabla ya ile mara ya kwanza.

Kwa asiyeijua, Shan He Ling ni tamthilia ya Kichina yenye vipindi 36, iliyoanza kuonyeshwa katika jukwaa la Youku mwezi wa Februari 2021 na kumalizika mwezi uliofuata. Nje ya China inajulikana kwa jina la Word of Honor. Imetokana na riwaya ya mtandaoni iitwayo Tian Ya Ke, ya mwandishi anayetumia jina la Priest, na waigizaji wake wakuu ni Zhang Zhehan, anayeigiza kama Zhou Zishu, na Gong Jun, anayeigiza kama Wen Kexing. Aina hii ya hadithi Wachina huiita wuxia. Hamna miungu wala majini. Kuna binadamu waliofanya mazoezi ya nguvu za ndani hadi wakaweza kuruka juu ya mapaa, na wanaishi katika ulimwengu unaoitwa jianghu, neno ambalo maana yake ya moja kwa moja ni mito na maziwa. Jianghu si mahali unapoweza kupaonyesha kwenye ramani. Ni maisha ya watu wa upanga walio pembeni ya serikali, wenye vyama vyao, madeni yao na heshima zao, na mtu anaweza kutangaza kwamba amejitoa humo huku jirani zake wote wakijua kwamba hakuna anayejitoa.

Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba kipindi cha kwanza usikitazame huku unakula, na usikiongeze kasi. Mimi nilikiongeza, nikaikosa picha ambayo ni ufunguo wa mtu mzima. Zhou Zishu ni mkuu wa Tian Chuang, kikosi cha siri cha Mwanamfalme Jin, ambaye ni binamu yake, na kazi ya kikosi hicho ni kupeleleza na kuua. Alipoingia katika utumishi huo alikuja na vijana 81 wa Siji Shanzhuang, yaani Kasri la Misimu Minne, chuo cha mapigano alichorithi kwa mwalimu wake. Sasa tazama ukutani mwake. Wachina wana desturi ya zamani ya kuchora tawi la mplamu lenye petali 81 siku ile ambayo usiku wake ni mrefu kuliko usiku wowote wa mwaka, kisha hupaka rangi petali moja kila siku, na zote zinapokwisha kupakwa, baridi nayo imekwisha. Yeye petali zake huzipaka kwa hesabu nyingine: kila moja ni kijana mmoja aliyekufa. Mchoro wa kuhesabia siku za kuingojea joto ameugeuza kuwa daftari la misiba, na hakuna mhusika anayesimama kukueleza jambo hilo kwa kirefu. Ukiwa na macho kwenye sahani, limepita.

Anayetaka kutoka Tian Chuang hupigiliwa misumari saba mwilini, na huo huwa mwisho wake. Zhou Zishu ameipigilia mwenyewe, mmoja baada ya mwingine kwa kuachanisha muda, mbinu inayomwachia sehemu ya nguvu zake na takriban miaka mitatu ya kuishi, huku ladha, harufu na usikivu vikimtoka polepole. Tunapokutana naye barabarani amejibandika sura ya mtu mwingine, nguo zimechakaa, ameketi juani na kibuyu cha pombe kama ombaomba asiye na bakuli. Kutoka ghorofani, Wen Kexing anamtazama na kubishana na Gu Xiang, msichana ambaye Wen mwenyewe ndiye aliyemlea, kama yule ni ombaomba kweli. Wen anasema hapana, anaota jua tu. Kuanzia hapo anamfuata kila aendako, akimtania na kumghania mashairi, na kila anapofukuzwa hurudi na upepeo wake mkononi.

Nilipofika hapo mara ya pili, bado tabia ya vibanda ilikuwa haijanitoka, nikajisemea kwamba basi steringi ni Zhou, amekwisha tubu, na adui ni huyu mcheshi. Hesabu hiyo nayo haikukaa. Wen Kexing ni mkuu wa Guigu, Bonde la Mizimu, ambako wahalifu wa jianghu hukimbilia wasikamatwe, na yeye ndiye anayetupa vipande bandia vya Liuli Jia, ufunguo wa ghala la hazina linalogombewa na kila chama, ili wale wanaojiita waadilifu wararuane wenyewe. Wanararuana kweli, na wasio na hatia wanakufa pamoja nao. Ila ukifika katikati utajua aliyofanyiwa akiwa mtoto, na waliomfanyia walikuwa wamevaa mavazi ya nani, na utaanza kuwasikiliza kwa sikio jingine wazee wenye ndevu safi wanaohutubia kuhusu haki. Tamthilia haikuombi uwasamehe watu hawa wawili. Kati yao kuna mtoto, Zhang Chengling, ambaye jamaa zake wameuawa usiku mmoja na watu wa Bonde, na anayetembea naye akimchekesha na kumnunulia chakula ni bwana wa Bonde lenyewe. Kila mtoto huyo anapomwita kwa heshima, mtazame Wen usoni. Mapanga yanaweza kusubiri.

Jambo la pili linahusu lugha, na hapa tuna bahati kuliko tunavyodhani. Wengi wetu tunaitazama kwa maandishi ya Kiingereza chini ya skrini, na maandishi hayo hufuta karibu kila neno la undugu. Shifu yanamfanya kuwa bwana tu, ilhali neno hilo linabeba mwalimu na baba kwa pamoja. Shixiong, mwanafunzi mwenzio aliyekutangulia, na shidi, aliyekuja nyuma yako, wote wanakuwa kaka, na ngazi iliyopo kati yao inapotea. Sisi tuliosoma chuoni, kwa maana ya pwani ya chuo, yaani madrasa, hatuhitaji kufundishwa kwamba waliokaa mkeka mmoja mbele ya mwalimu mmoja ni ndugu, wala kwamba aliyetangulia ana haki ya kukukosoa na wajibu wa kukubeba. Kwa hiyo usiyaamini sana maandishi. Sikiliza sauti, ushike maneno manne au matano hayo. Katikati ya hadithi kuna mahali ambapo mtu mmoja anakuwa shidi wa mwingine ghafla, na asiyelijua neno hilo huuliza kwa nini watu wanalia.

Majina nayo yana siri zake. Akiwa mafichoni Zhou Zishu anajiita Zhou Xu, na hiyo xu ni nyuzinyuzi laini za mti zinazopeperushwa na upepo. Aliyewahi kusimama chini ya msufi wakati makokwa yake yanapopasuka ameshaelewa mtu huyu anajiona kuwa nini. Wen humwita A-Xu, kwa kudekeza. Yeye humjibu Lao Wen, na lao maana yake ni mzee, kama vijana wa rika moja hapa kwetu wanavyoitana "mzee" bila mvi hata moja. Siku ambayo Zhou anaanza kusema Lao Wen badala ya Bwana Wen, hakuna muziki unaopigwa kukushtua. Ishike mwenyewe.

Kisha kuna neno zhiji, mtu anayekujua jinsi ulivyo, ambalo linarudiwa mno. Nyuma yake iko hadithi ya kale ya Bo Ya, mpiga kinanda cha nyuzi, na Zhong Ziqi, mkata kuni: Bo Ya akipiga huku akiuwaza mlima, Ziqi alisikia mlima, akiyawaza maji, alisikia maji, na Ziqi alipofariki, Bo Ya alikivunja kinanda chake asikipige tena maisha yake yote. Katika riwaya wawili hawa ni wapenzi waziwazi. Kanuni za utangazaji za China haziruhusu jambo hilo lionyeshwe, hivyo tamthilia imelipitisha ndani ya mashairi ya kale, ndani ya zhiji na ndani ya macho. Aidha, kama ilivyo kawaida ya tamthilia nyingi za huko, sauti ziliingizwa baadaye, na wanaojua Kichina wameonyesha sehemu ambazo midomo inasema lake na sauti inasema lake. Mtazamaji asiyezoea mafumbo hulalamika kwamba haelezwi. Sisi tumekulia kwenye taarabu, ambako mtu huinuka kwenda kutunza kwenye ubeti mmoja maalumu na ukumbi mzima ukajua anaambiwa nani, bila jina kutajwa. Itazame kwa sikio hilo.

Kuhusu mapigano nina machache ya kusema. Kamba zinazowabeba waigizaji huonekana hapa na pale kwa namna wanavyoning'inia, na bajeti haikuwa ya kutisha. Aliyekuja kwa ajili ya mapigano peke yake nadhani atachoka mapema, ingawa upanga wa Zhou, ule laini unaojikunja kama mkanda, ni raha kuutazama.

Ushauri ambao nimeulipia kwa machungu ni huu: vipindi vikifika 36 hujamaliza. Baada yake kuna kipande cha dakika chache kilichotolewa kando, na bila hicho unabaki na mwisho mwingine kabisa. Mimi nakala yangu niliitoa kwenye duka moja la kuingiza filamu kwenye flashi, na kijana wa duka hakukiweka, au hakukijua. Nilikaa na mwisho wangu miezi mitatu, nikiwa na huzuni ya kweli na kuwaeleza watu kwa uhakika kabisa nani alifanya nini kule mlimani, mpaka mdogo wangu aliponitazama kwa huruma akasema, "Kaka, kwani ile ya theluji hukuiona?" Bando la siku hiyo lote liliishia hapo. Tena fahamu kwamba Agosti 2021, baada ya kuenea kwa picha za zamani alizopiga Zhang Zhehan huko Japani, nyingine katika eneo la hekalu la Yasukuni, kampuni zilivunja mikataba naye na tamthilia ikaondolewa kwenye majukwaa ya China. Utakapoipata, hakikisha kwanza kwamba kile kipande kimo.

La mwisho, kama nyumbani kwako yupo asiyesoma Kiingereza, itazame naye na umsimulie. Mara ya tatu niliitazama na mama, Tanga, vipindi viwili kila usiku baada ya isha, mimi nikiwa msimulizi wa kibanda. Kusimulia kunakulazimisha uamue mtu amemaanisha nini kabla hajafunga mdomo, na mara nyingi niliamua vibaya, mama akanisahihisha kwa kutazama nyuso tu. Zhiji nilihangaika nayo: nikasema rafiki, nikasema msiri, mama akasema, "Sema mwandani, basi." Tukaendelea na mwandani mpaka mwisho, neno ambalo halipo mbali na mwanandani wa kaburini, na kwa mtu mwenye misumari saba mwilini sikuona kama limekosea njia.

Alichokataa mama kukiachia ni nauli. Mwanzoni Zhou anavushwa na mzee wa mtumbwi na kubaki na deni lake. Usiku wa mauaji, mzee huyo akiwa anakata roho, analidai deni hilo kwa njia nyingine: amchukue Chengling, amfikishe kwenye usalama. Hapo ndipo mtu aliyepanga kufa peke yake na pombe yake anapoingia tena katika jianghu, kwa visenti vya kuvukia. Kila usiku, kabla sijabonyeza, mama alikuwa akiuliza kama yule bwana ameshamaliza kulipa. Tulipofika kipindi cha 30 na ushee, mtoto amekuwa mwanafunzi wake, maadui wamekuwa jeshi, na Zhou hata ladha ya chai haipati tena, mama alivuta kanga yake mabegani akasema, "Huo mtumbwi ulikuwa ghali."