Kina kinachotupwa: barua kwa mwanangu aliyeko London

Mwanangu Salma,

Umeniuliza kwa nini mwenzako wa kazini, alipokuona unatazama picha kwenye simu, alikwambia "give us a butcher's", na bucha imeingiaje hapo.

Haikuingia. Alitaka naye atazame. Kutazama ni "look", neno lenye kina kimoja na "hook", ndoano. Cockney, watu wa East End, mashariki ya London, wakachukua "butcher's hook", ndoano ya kutundikia nyama, wakaiweka mahali pa "look". Kisha ndoano ikakatwa, likabaki "butcher's" peke yake. Hapo ndipo uhodari wao ulipo. Katika mashairi yetu kina ndicho kinachobaki sikioni; Cockney wanakitupa, na mgeni anakosa pa kushika. ("Us" hapo ni yeye mwenyewe: nipe nami nione.)

Kinyume cha pwani, ile lugha ya kugeuza maneno, ni chepesi zaidi. Silabi ya mwisho inakuja mbele, nyumba inakuwa mbanyu, na aliyeijua kanuni anafungua neno lolote. Hii ya London inakudai ukijue kile kilichotupwa.

Kwa hiyo ukisikia neno lisiloingia kwenye mazungumzo, lirudishie mkia wake kwanza, ndipo utafute kina. "Loaf" ni "loaf of bread". "Bread" inakwenda na "head", basi "use your loaf" ni tumia kichwa. "Plates" ni "plates of meat", yaani "feet", miguu. "China" ni "china plate", yaani "mate", rafiki. "Barnet" ni "Barnet Fair", gulio la farasi la huko Barnet, yaani "hair", nywele.

Lakini usikate ovyo. "Tea leaf", jani la chai, ni "thief", mwizi, na husemwa nzima. Ukisema "tea" utaletewa chai. Vivyo hivyo "brown bread", yaani "dead", amekufa. Ipi inakatwa na ipi haikatwi ni mazoea tu, huyapati ila kwa kusikiliza.

Sikiliza na lafudhi pia. Noti ya pauni 5, "fiver", huitwa "Lady Godiva". Ukiitamka "r" ya mwisho, kina kinapotea. Wao hawaitamki, ndiyo maana vinaoana.

Lugha hii ni ya East End, mitaa ya wachuuzi, na ilianza kusikika miaka ya 1840. John Camden Hotten aliitengea orodha yake katika kamusi aliyoichapisha mwaka 1859. Na haijaacha kuzaa: mchuzi wa kari, "curry", unaitwa "ruby", kwa jina la Ruby Murray, mwimbaji wa Belfast aliyevuma miaka ya 1950.

Neno moja nakuomba ulikwepe. Utasikia watu wakiitana "berk", mjinga, hata mbele ya wakubwa. Limekatwa kutoka jina la kundi la wawindaji, na neno la pili la jina hilo lina kina na tusi zito la sehemu za siri za mwanamke. Wengi wanaolitumia hawajui. Wewe sasa unajua.

Kesho akitaka tena kuona picha, mpe simu, mwambie "have a butcher's". Usiseme "have a hook", hakuna atakayekuelewa.

Mama yako