Kabla ya kuchora mstari wa barabara, chagua saiti

Ukifungua mchoro wa barabara uliochorwa na mtu mwingine ukakuta viwanja vimeongezeka, namba zinarukaruka na ukubwa wa maeneo haulingani na hati, usianze kumlaumu mpimaji. Tazama kwanza alaimenti ya barabara, yaani ule mstari wa kati, iko kwenye saiti gani. Mimi huanzia hapo kila ninapopokea faili la Civil 3D (programu ya kompyuta ya usanifu wa barabara na viwanja), na mara nyingi sihitaji kutafuta zaidi.

Saiti ni kapu la vitu vinavyotambuana kijiometri. Mipaka ya viwanja, alaimenti na mistari yenye vimo inayotumika kusawazishia ardhi, vikiwa saiti moja, huathiriana bila kukuuliza. Alaimenti ikipita kiwanja toka upande hadi upande, programu inakihesabu kuwa viwanja viwili, na kipande kilichozaliwa kinapewa namba mpya. Ikiishia katikati ya kiwanja bila kufunga umbo, haikigawi. Ndiyo maana tatizo hujificha hadi siku unapoirefusha kidogo tu. Nayo mistari yenye vimo ikikatana ndani ya saiti moja hulazimika kuwa na kimo kimoja pale inapokutana. Ukingo wa lami unaweza kuvutwa juu au chini na mstari wa mtaro usiouhusu.

Kwa hiyo alaimenti zangu hazina saiti. Dirisha la kuundia alaimenti lina chaguo hilo, na hupotezi kitu: profaili (mchoro wa vimo kufuata urefu wa barabara), sehemu za mkato na korido (umbo la barabara la pande tatu) vyote hufanya kazi kama kawaida. Kama tayari imewekwa kwenye saiti, ihamishe, usiifute na kuichora upya, maana profaili na korido zinaitegemea. Viwanja vilivyokatwa vitaungana tena, lakini usitegemee kwamba majina na maelezo yaliyoandikwa kwenye kila kipande yatasalimika. Pitia kimoja kimoja ukilinganisha na hati.

Wapo wanaokimbia usumbufu huu kwa kufungua saiti mpya kwa kila kitu. Naona wanapitiliza. Kwa mradi wa kawaida nahitaji tatu: ya viwanja vilivyopo, ya viwanja vitakavyopimwa upya, na ya utwaaji wa ardhi. Kila saiti huhesabu namba zake yenyewe, kwa hiyo weka herufi ya kutofautisha mbele ya namba, la sivyo utajikuta na viwanja viwili tofauti vyenye jina moja kwenye jedwali.

Saiti ya utwaaji ndiyo niipendayo. Nakili viwanja vilivyopo uviingize humo, kisha ongeza mipaka ya hifadhi ya barabara. Ule ukataji uliokuwa kero sasa ndio kazi yenyewe: kila kiwanja kinachoguswa kinagawanyika kuwa sehemu inayotwaliwa na sehemu inayobaki, na jedwali la maeneo unalitoa papo hapo. Jumlisha vipande vya kila kiwanja uone kama vinarudi kwenye eneo la awali. Jumla ikipungua, ujue kuna kipande kidogo kama uzi ambacho hukukiona.

Ipo amri inayounda hifadhi ya barabara kutokana na alaimenti na viwanja vinavyopakana nayo. Inataka vyote viwe saiti moja, na matokeo yake hayaifuati alaimenti inapobadilishwa. Barabara ambayo bado inasogezwa kila kikao haifai kufanyiwa hivyo. Natumia alaimenti za kando, ambazo hufuata mstari wa kati zenyewe, na usanifu ukishapitishwa ndipo nazigeuza kuwa mipaka.

Hapo kwenye kugeuza kuna jambo ambalo wengi hulipita mbio: kona za mpito, zinazokaza taratibu kutoka mstari ulionyooka hadi tao la duara kwa umbo liitwalo klothoidi. Mstari ulio sambamba na klothoidi si klothoidi, na mipaka ya ardhi kwa kawaida huelezwa kwa mistari iliyonyooka na tao za duara. Kwa hiyo sehemu hizo naziweka kama mistari mifupi iliyonyooka, na nakubaliana na mpimaji bikoni (alama za mpaka) zitasimama wapi kabla ya kuhesabu eneo lolote. Ukihesabu kwanza, utahesabu tena.

Kabla ya kugeuza mistari kuwa viwanja, isafishe. Mistari miwili iliyolaliana huzaa viwanja vyembamba visivyo na maana, na mistari isiyofikiana haifungi kiwanja kabisa. Amri ya MAPCLEAN huondoa marudio na kuunganisha ncha zilizopungua, ila iwekee kiwango cha kusogeza ncha kilicho kidogo kuliko usahihi wa upimaji wenyewe. Kompyuta haina ruhusa ya kusogeza bikoni ili mchoro upendeze.

Jingine ni mpangilio wa mafaili. Alaimenti, profaili na sura za ardhi unaweza kuzirejelea kutoka faili jingine kwa njia za mkato za data, viwanja huwezi. Basi viwanja vyangu hukaa kwenye faili lao, ambalo huliambatisha kwenye mchoro wa barabara kama xref, yaani mchoro wa rejea, na alaimenti hufika kwenye faili hilo kwa marejeo. Mpimaji akitaka kurekebisha mpaka, hangoji nimalize na korido.